Mtungi Uliolala Chumbani Kwangu

Chumba changu kilikuwa ghala kabla sijafika, na nilipofika hakikuacha kuwa ghala. Kilikuwa nyuma ya nyumba, huko Al-Safa, Jeddah, kati ya jikoni na mashine ya kufulia. Humo madam, mwajiri wangu, alikuwa ameweka mazulia ya baridi, feni mbovu, maua ya plastiki yaliyobaki kwenye harusi ya mtu, na kitanda. Kitanda ndicho kilichokuwa changu. Kukifikia ilibidi nipite kiubavu huku nimevuta tumbo ndani, na baada ya muda nikazoea.

Mwaka wangu wa pili yakaja makreti. Baba, ndivyo tulivyomwita mwenye nyumba, alikuwa na shamba la mitende kaskazini mwa nchi, na pembeni mwa shamba hilo palikuwa na kilima. Si kilima cha Mungu. Wenyewe hukiita tell. Watu wa kale walijenga hapo nyumba za udongo, zikaanguka, wengine wakaja wakajenga juu ya kifusi, za hao nazo zikaanguka, hivyo hivyo mpaka pakainuka. Baba alitaka kusawazisha ardhi aongeze mitende. Greda likauma ukingo wa kilima, vigae vikamwagika. Sheria ya huko inamtaka mtu asimamishe kazi aiite serikali. Baba aliwaita vibarua wake wakajaza makreti ya nyanya, wakafunika turubai, na mali ikasafiri kwa pikapu mpaka Jeddah, mpaka chumbani kwangu, kwa sababu madam hakutaka vumbi sebuleni.

Basi nikawa nalala na vumbi. Nikipenga kamasi asubuhi zinatoka na udongo. Nywele zangu, ambazo hazikuonekana na mtu kwa kuwa zilikuwa chini ya kitambaa mchana kutwa, zilinuka kama shimo. Nilimwambia madam kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba kifua kinaniuma, akasema nifungue dirisha. Dirisha lilikuwa nyuma ya makreti.

Lakini vumbi nililivumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni ulimi wa baba. Kuna mtu alikuwa amemfundisha kwamba kitu cha kale hunata ulimini na cha juzi huteleza. Kila alasiri, akishamaliza kahawa na tende zake, alikuja chumbani kwangu bila kubisha, akaketi juu ya kitanda changu na kuanza kulamba. Anachukua kigae, anakilamba, anafumba macho kama anayesikiliza simu ya mbali, anasema, "Kinanata," kisha ananinyooshea. "Osha." Nakipokea kikiwa na mate na nyuzi za tende. Nimesafisha vyoo vya nyumba ile, nimefuta matapishi ya watoto wake, nimezibua mtaro wa jikoni kwa mkono mtupu, na mwili wangu haukuwahi kunisisimka kama uliponisisimka kwa vile vigae. Sikuogopa kwamba angenigusa. Macho yake hayakuniona kabisa, na hilo nalo lilinichefua.

Mtungi mmoja ulikuja mzima. Ulikuwa mnene tumboni, wa rangi ya udongo wa kawaida, na mdomo wake ulifunikwa kwa bakuli lililozibwa kwa matope makavu. Baba aliufunga blanketi na kuuweka chini ya kitanda changu, akanionya nisiusogeze hata nikifagia. Kwa hiyo sikufagia, na kwa wiki kadhaa nililala juu yake bila kujua nimelalia nini.

Kisha akaja mtaalamu wa vitu vya kale kutoka Riyadh. Huyu alikuwa mtu wa vitabu, mpole wa sauti, mwenye miwani na glavu nyeupe. Nilipoona glavu nikamheshimu. Heshima hiyo haikufika mbali, kwa sababu meza ilikuwa imeandaliwa chakula na sakafu haikuwa na nafasi, wakaamua kuufungulia mtungi juu ya kitanda changu, kwenye shuka niliyokuwa nimeifua asubuhi hiyo. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika beseni.

Mtaalamu alibandua matope kwa brashi, akalitoa bakuli, na sura yake ikabadilika. Lilikuwa bakuli jembamba, ukuta wake mwembamba kuliko wa kikombe cha kahawa, rangi ya krimu iliyoingia ukijani, mdomo umetanuka na shingo imekatwa mkunjo mkali. Baba akataka kulilamba, mtaalamu akamshika mkono.

"Hili si la kulamba," alisema. "Hili ni Ashuru."

Akaanza kueleza, na kwa kuwa alieleza kwa Kiarabu cha polepole kama anayefundisha darasa, nami nilifuata. Waashuri walikuwa wafalme wa mbali, upande wa Iraki, na wakubwa wao walinywea vikombe vya shaba na fedha vya umbo hilo hilo. Bakuli hili halikutoka kwao. Udongo wake ulikuwa wa hapo hapo kilimani. Mfinyanzi wa kijiji aliviona vikombe vya wakubwa, labda kwa mtoza kodi, labda kwa wafanyabiashara wa misafara, akarudi kwake akajaribu kuiga kwa udongo. Mtaalamu alifurahi kuliko ambavyo angefurahi kama lingekuwa la mfalme mwenyewe, maana, alisema, hapa ndipo unapoona mkono wa Ashuru umefika mpaka jikoni kwa watu wadogo. Nilikubaliana naye. Nilimpenda hata, kwa dakika hiyo.

Halafu akauinamisha mtungi na kilichokuwa ndani kikamwagika kwenye shuka yangu. Ilikuwa mifupa, midogo sana, ya kahawia, na vipande vya fuvu vyembamba kama ganda la yai.

"Mtoto mchanga," alisema mtaalamu. "Walikuwa wakiwaweka ndani ya mitungi, chini ya sakafu ya nyumba." Akaisukuma mifupa kando kwa kiganja ili apate pa kuliweka bakuli, akatoa simu akaanza kupiga picha. "Ajabu ni kwamba kitu cha fahari namna hii walikifanya kifuniko."

Mimi ni Mtaita, na mifupa hainitishi. Wazee wetu wa zamani walikuwa wakifukua vichwa vya watu wazima waliokufa na kuvipanga katika mapango ya mawe, kila ukoo na pango lake. Nikiwa mdogo bibi yangu alinipitisha karibu na la kwetu akaniambia niamkie. Nikaamkia. Watoto wachanga hawakupelekwa pangoni. Bibi alisema hao walizikwa nyumbani kwa mama yao, nje ya ukuta upande wa jikoni, wasikie mama akipika, na mahali hapo watu hawakumwaga maji machafu. Katika kabati la bibi kulikuwa na bakuli moja la maua ambalo hatukuruhusiwa kulitumia sisi wa nyumbani. Lilikuwa la wageni. Kwa hiyo sikuona ajabu yoyote. Yule mwanamke wa kilimani alikuwa na bakuli moja zuri, na siku mtoto wake alipokufa akalitoa kabatini.

Hakuna aliyeniuliza. Madam alikuja akasimama nyuma yangu ameziba pua na mtandio wake, ingawa mifupa ile haikuwa na harufu yoyote. Kilichokuwa kinanuka mle chumbani ni manukato yake.

Mtaalamu alirudi Riyadh na picha zake. Baba akaanza kupanga sherehe. Alikuwa na ofisi Olaya, huko Riyadh, juu katika jengo la vioo, na pale mapokezi angeweka kabati lenye taa ndani, mtungi na bakuli, na angewaita watu wazito waje waone kwamba Ashuru ilifika shambani kwake. Alimwambia kila aliyempigia simu. Kilimani greda liliendelea kufanya kazi.

Asubuhi moja madam akanijia jikoni, nikiwa nawajaza njiwa wali kwa ajili ya kaka zake waliokuwa wanakuja kula. Mtungi na bakuli alikuwa ameshavitoa chumbani kwangu. Mifupa ilikuwa bado kwenye shuka ile ile, nimeikunja nikaiweka juu ya mazulia, kwa kuwa sikujua niiweke wapi.

"Ule uchafu," alisema, "utupe leo. Kwenye pipa la nje, si la jikoni."

"Madam, ni mtoto."

"Wa makafiri wa zamani. Halas, basi. Na shuka pia tupa, nitakupa nyingine."

Nimekulia Voi na majirani Waislamu. Nimewaona wakimwosha maiti na kumfunga sanda kwa adabu ambayo kanisa letu lingeweza kuiga, na nilijua hakuna shehe ambaye angemruhusu kusema vile. Madam alijua pia. Alikwepa macho yangu, akaonja mchuzi wa njiwa kwa kidole, akasema umepungukiwa mdalasini. Chuki niliyoisikia kwa kile kidole sikuwahi kuisikia kwa binadamu mzima.

Nikaongeza mdalasini. Wageni walikula, wakalala, na nyumba yote ikanyamaza kama inavyonyamaza mchana kwenye joto la Jeddah. Nilikusanya mifupa ya njiwa kutoka kwenye sinia, nikaifunga gazetini, nikaitupa katika pipa la nje pamoja na takataka nyingine. Kisha nikaichukua shuka yangu na upawa wa wali nikaenda uani.

Uani palikuwa na vigae vya sakafu kote, isipokuwa kitalu chembamba cha udongo chini ya ukuta wa jikoni, penye mlimau uliokataa kuzaa. Nilikata leso yangu moja ya nyumbani, nikamfungia humo. Nilikuwa nimeanza kuchimba dereva alipotokea kupitia mlango wa nyuma kutafuta maji baridi. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa Kakamega, mkubwa wa mwili na mwoga wa kila kitu.

"Sista, sasa unado nini na hicho kijiko?"

"Nazika."

"Unazika nani?"

"Mtoto wa mtungi. Madam amesema nimtupe."

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Mimi hiyo mambo sigusi. Kwetu ukizika mtu humjui, lazima wazee wakuoshe na dawa. Hapa nani atakuosha? Na wakikupata watasema umeiba. Watakupeleka polisi, sista, si ati ni kurudi nyumbani tu."

"Basi simama mlangoni uniangalizie."

Akasimama. Nilichimba mpaka mkono ukazama kufika kiwiko, nikamlaza kwa ubavu, sijui kwa nini kwa ubavu, nikamfunika. Kifuniko kizuri sikuwa nacho. Nilikuwa na kibakuli changu cha bati cha kulia, nikakifunika juu ya leso kabla ya kurudisha udongo. Dereva alivua kofia akasema Baba Yetu haraka haraka, akakosea katikati, akarudia. Halafu akanywa maji yake akaondoka.

Alasiri simu ya mtaalamu ikaingia. Baba alikuwa ameweka sauti kubwa, kama kawaida yake, na mimi nilikuwa napitisha kahawa. Mtaalamu alisema amefikiria tena. Mifupa ile ni lazima. Maabara inaweza kuipima na kupata umri wake, na umri wake ndio umri wa bakuli. Bila mifupa, bakuli ni bakuli tu, na mtu yeyote anaweza kusema lilinunuliwa sokoni.

Baba aligeuka. "Mifupa iko wapi?"

"Madam alisema niitupe kwenye pipa la nje," nikasema. Neno hilo lilikuwa kweli tupu.

Madam alisema ndiyo, alisema hivyo, kwani yeye angejuaje. Ugomvi wao siuandiki. Ninachokikumbuka ni mlango wa mbele kufunguka na baba kutoka na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi na mimi, akaenda kwenye pipa la mtaa na kumwamuru dereva aingie humo atafute. Dereva akasema ana kidonda mguuni. Hakuwa na kidonda. Kwa hiyo mwenye shamba, mwenye ofisi Olaya, akakunja mikono na kuinama mwenyewe, kichwa ndani ya pipa, nepi za mjukuu wa jirani upande mmoja na vichwa vya samaki upande mwingine. Harufu ilitufikia sisi tuliosimama mlangoni. Nilisubiri kumwonea huruma, haikuja.

Akatoka na gazeti langu. Akalifungua juu ya ukuta mfupi wa nyumba, na pale ikalala mifupa midogo, ya kahawia kwa viungo vya mchuzi, mingi imevunjika. Akachukua mmoja. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajafanya, na mate yakanijaa mdomoni.

Akaulamba.

Akafumba macho. Mchuzi wa mdalasini ulikuwa umekauka juu yake kwa jua la mchana.

"Unanata," akasema.

Dereva alikohoa akaenda kusimama upande wa pili wa gari. Mimi nilitazama chini. Kama ningesema ni njiwa, swali la pili lingekuwa, basi mtoto yuko wapi, na jibu lilikuwa nyuma ya jikoni, udongo bado umelowa. Nikanyamaza, na madam akaenda kutafuta sanduku zuri la kuwekea njiwa wake.

Sherehe ikafika. Walinipeleka Riyadh kwa gari, nimebanwa nyuma na mabirika na sahani, kwa sababu baba alitaka wageni wanyweshwe kahawa na mtu aliyezoea mkono wake. Ofisi ile ya Olaya ilikuwa baridi kama friji ya nyama. Katika kabati la kioo mtungi ulikuwa umelazwa kwenye kitambaa cheusi, bakuli kando yake, na mbele yake, chini ya taa yao wenyewe, njiwa wangu. Mtu alikuwa amewapanga vizuri. Karibu na mdomo wa mtungi palikuwa na kidari kizima.

Wageni waliinama mmoja mmoja. Mama mmoja mwenye vito aliweka mkono kifuani akasema, "Maskini wee, mdogo hivi," macho yakamlenga machozi, na kweli yalikuwa machozi. Nilimpa kahawa. Baba alimwambia kwamba nyumbani kwake mifupa hiyo ilitunzwa kama amana. Nilijaza kikombe cha mgeni aliyefuata.

Mtaalamu alifika amechelewa kidogo. Nilimtazama akilikaribia kabati. Aliinama, akainua miwani, akainama zaidi, na nikaona shingo yake inavyokakamaa. Alibaki hivyo muda mrefu kuliko mtu anayefurahia kitu. Nilipompelekea kahawa hakugeuza kichwa.

"Njiwa?" akauliza, chini chini.

"Ndiyo, bosi. Wa kujaza wali."

"Na mtoto?"

"Walisema nimtupe," nikasema, na nikamwacha akae na hilo.

Alifumba macho kidogo. Nikadhani, huyu sasa atasema. Alikuwa na elimu, alikuwa na jina, hakuna aliyekuwa ameshika ikama yake, kibali cha ukaazi, kama ilivyoshikwa yangu. Wangemfanya nini? Alirudisha kikombe kwenye sinia langu, akarekebisha kola, akasogea mbele ya watu na kuanza kueleza jinsi mkono wa Ashuru ulivyofika mpaka jikoni kwa watu wadogo. Alieleza vizuri sana. Aliongea kuhusu bakuli kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mifupa hakuitazama hata mara moja. Watu walipiga makofi. Ulimi wa baba ulinichefua, kidole cha madam kilinichefua, lakini kwa huyu nilikwenda chooni nikatapika kweli, kisha nikaosha sinki, kwa kuwa nisingeweza kumwachia mfanyakazi wa jengo uchafu wangu.

Sikuongeza mkataba. Wiki ya mwisho madam alileta msichana wa kuchukua nafasi yangu, naye Mkenya, wa Kwale, mwenye hijabu na kicheko cha karibu. Makreti yalikuwa yameongezeka. Nilimwonyesha jinsi ya kupita kiubavu, jinsi ya kupiga pasi kanzu, ni njiwa gani madam anawapenda. Nilimwambia kwamba baba akimnyooshea kigae akipokee kwa kitambaa.

Kisha tukadeki jikoni pamoja, naye akabeba ndoo ya maji machafu ya sabuni akaelekea nayo kwenye mlimau.

"Usimwage hapo," nikamwambia.

"Kwa nini, dada? Mti utaungua?"

"Pana mtoto."

Aliniangalia, akaangalia udongo. Hakuuliza wa nani. Alisema, "Innalillahi," akaigeuza ndoo, akaibeba mpaka kwenye mtaro wa upande wa pili, na ilikuwa nzito.